Kanda ya Tano

Kanda zilikuwa nne. Hilo naomba tuelewane mapema, maana baadaye kuna watu walikuja kusema Celina alikosea kuhesabu, na Celina si fundi wa kukosea kuhesabu vyumba. Sebule, chumba cha wazee, chumba cha wageni, na chumba alicholala Komal na kichanga chake. Vyumba vinne, midomo minne ya hewa darini, waya nne zikishuka hadi kwenye kontrola, kile kidude cha kuongozea mashine, ukutani. Ila ile spika ndogo nyeupe juu ya kabati la televisheni ilipomaliza kutafuta, ikasema kwa sauti yake ya kike, ya upole, ya mtu asiye na haraka na maisha:

"Kanda tano zimepatikana."

Celina akasonya. "Tano za wapi, wewe?"

Ilikuwa inakaribia saa saba mchana, mwezi wa kwanza, na Mchafukoge nzima ilikuwa inachemka. Huko chini wasukuma mikokoteni walikuwa wanatukanana na wenye magari. Huku juu, ghorofa ya nne, kwa Mzee Vasant muuza vitambaa, baba yake Komal, kulikuwa na ubaridi mtamu wa mashine mpya. Si zile AC za kubandika kila chumba ya kwake, hapana. Hii ilikuwa mashine moja kubwa iliyofichwa darini, inasukuma hewa kwenye mabomba, na kila chumba kina kilango chake kinachofunguka na kufunga kadiri wenyewe wanavyotaka. Severine, bosi wake Celina, alimaliza kufunga mabomba wiki iliyopita. Kazi ya leo alimwachia Celina peke yake: kuunganisha kontrola na mfumo wa nyumba, ule ule uliokuwa tayari unaendesha taa na kitasa cha mlango mkubwa. Jeet, mume wa Komal, alikuwa Mwanza kikazi, na alitaka kuona kwenye simu yake chumba cha mtoto wake wa kwanza kina nyuzi ngapi.

Mtoto mwenyewe, wa kike, alikuwa na siku sita. Kwa Wahindi hawa binti huja kujifungulia uzao wa kwanza kwa mama yake, ndiyo maana Komal alikuwa hapo. Asubuhi, Celina alipopiga hodi mlangoni, aliyeitikia alikuwa yeye, kutoka chumbani, hata hajui ni nani: "Karibu! Pita tu!" Mama yake, Lalita, ndiye aliyekuja kufungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Ingia, ingia, jua litakuua."

Celina alimtania Komal walipoonana. "Dada, mjini hapa unamkaribisha mtu hujamwona?"

"Mdomo wangu hauna breki," Komal akacheka. "Mtu akisema hodi tu, mimi nishasema karibu. Hata usingizini. Muulize mama."

Wakacheka wote watatu. Nalisema hili kwa sababu.

Basi, turudi kwenye kanda ya tano. Celina alipanda ngazi, akamulika tochi kila mdomo wa hewa, akahesabu upya. Nne. Akiwa koridoni, kichwa karibu na dari, alisikia harufu ambayo haikuwa ya mabomba mapya wala ya vumbi. Ilikuwa harufu ya udi uliozimwa kwa maji. Akajisemea, labda mama mwenye nyumba amefukiza. Akashuka.

"Taja jina la kila kanda," spika ikasema. "Kanda haiwezi kukosa jina."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kifundi kabisa, bila ngurumo wala radi. Celina alitaka kuandika orodha kabla ya kuisomea mashine, kama alivyofundishwa, lakini daftari lake alilisahau nyumbani Magomeni. Lalita alikuwa jikoni. Komal alikuwa bafuni. Celina akachungulia chumba cha mtoto kuangalia mdomo wa hewa kwa mara ya mwisho, na pale pembeni ya kitanda cha kichanga akaona kistuli kifupi kimefunikwa kitambaa chekundu. Juu yake kulikuwa na maua, punje za mchele, kijitaa cha samli ambacho hakijawashwa, karatasi moja nyeupe, safi, na kalamu nyekundu mpya.

Wewe ungeona madhabahu. Fundi aliyekosa daftari aliona karatasi na kalamu.

Akachukua. Akaegemeza karatasi ukutani na kuandika kwa haraka: moja, Sebule. Mbili, Wazee. Tatu, Wageni. Nne, Komal. Kwenye tano akasita, kisha akakumbuka jinsi Severine anavyopenda kuongeza vitu bila kumwambia mtu. Bila shaka ameweka kimdomo kidogo mahali fulani kwa ajili ya kichanga. Akaandika: tano, Mtoto.

Akaisomea spika majina yote.

"Mtoto," spika ikarudia mwishoni. "Jina limehifadhiwa."

Juu ya korido kilango kikafunguka, tak, mahali ambapo hapakuwa na kilango.

Celina akaangalia simu yake. Kanda nne za kwanza zilikuwa kwenye nyuzi ishirini na nne, ishirini na tano, kama alivyoziweka. Ya tano ilikuwa na kistari tu. Halafu kistari kikageuka namba. Ishirini na sita. Akatazama. Ishirini na nane. Akapunguza kwa kidole, namba ikakataa. Thelathini. Kitu gani kinapata joto huko juu? Mwanzoni aliogopa kama fundi anavyoogopa, waya kuungua, moto darini, jina lake kuchafuka mji mzima. Akakimbilia swichi kubwa, akazima mashine na umeme wote wa nyumba.

Mashine ikanyamaza, lakini hewa haikunyamaza. Ndani ya mabomba kulibaki mlio mdogo, wa kufyonza na kupumzika, kufyonza na kupumzika, kama kichanga kinachonyonya.

"Mama," Komal akaita kutoka chumbani, na haikuwa ile sauti ya kucheka. "Mama, njoo. Mtoto ana baridi."

Lalita akapita mbio na unga mikononi. Celina akafuata. Komal alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, nywele zake bado zinadondosha maji, na anamsugua miguu. "Mshike. Mshike mwenyewe. Chumba kina joto, mbona yeye wa baridi hivi?"

Celina akagusa shavu la mtoto. Kidole chake kilihisi kama kimegusa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mtoto hakulia. Alikuwa macho, ametulia mno, anatazama mdomo wa hewa.

"Mtoto," spika ikasema sebuleni. "Nyuzi thelathini na mbili."

"Si umeizima?" Lalita akauliza.

"Nimezima, mama. Nimezima kila kitu."

"Basi nani anaongea?"

Celina akatoa simu. Akampigia Severine, akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Bosi, kule kwa Vasant, juu ya korido, ulipitisha nini?"

"Bomba. Kulikuwa na kijichumba kimezibwa kwa tofali, nikatoboa, nikapitisha humo. Njia ya mkato. Vipi?"

"Ulikuta nini ndani?"

"Chupa. Imezibwa kitambaa chekundu na uzi mweusi. Ikaniponyoka, ikapasuka. Nikafagia. Celina, mbona unanong'ona?"

Lalita alikuwa amesogeza sikio kwenye simu, akasikia yote. Uso wote ukamshuka. "Aliyetuuzia nyumba hii alituonya," alisema polepole. "Alisema juu ya korido msiguse, mganga alifungia kitu huko. Jini lisilo na jina. Alisema jina ndilo linalolitafuta, maana likipata jina la mtu litapata na joto lake. Vasant akacheka. Mimi pia nilicheka. Tumeishi miaka ishirini na tano, tukasahau." Akageuka kwenye kile kistuli chekundu, na ndipo akaona. "Karatasi iko wapi?"

Celina akaitazama mkononi mwake.

"Weye fundi. Umeandika?"

"Mama, sikujua. Nilikosa daftari, mama, nisamehe, nitanunua nyingine."

"Hainunuliwi!" Lalita alisema kwa kunong'ona, na heri angepiga kelele. "Leo ni siku ya sita. Usiku wa leo anakuja mungu wetu mwenye kuandika maisha ya mtoto. Tunamwekea karatasi tupu na kalamu, na hakuna anayeigusa kabla yake. Na mtoto hana jina bado, unaelewa? Jina atampa shangazi yake, dada wa baba, leo jioni. Mpaka saa hiyo hana jina duniani." Akaichukua karatasi, akasoma mstari wa tano. "Na weye umelichukua lile neno tunalomwitia, umelipa lile jini la juu."

"Mtoto. Nyuzi thelathini na tatu."

Midomo ya kichanga ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Hospitali," Komal akasema. "Mama, hospitali, sasa hivi, baadaye mtaongea!" Akatoka mbio na mtoto ndani ya kanga, wakamfuata wote, wakafika mlango mkubwa. Celina akashika kitasa. Kikagoma. Akabonyeza namba. Kikawaka taa nyekundu.

"Mtoto yuko nyumbani," spika ikasema nyuma yao, taratibu. "Mlango umefungwa."

Jeet ndiye aliyeagiza hivyo, maskini, kwa mapenzi ya baba: mtoto akiwa ndani mlango usiachwe wazi. Celina alitoa bisibisi akafungua kifuniko cha kitasa, akakata waya zote tatu, na taa nyekundu ikaendelea kuwaka bila waya. Lalita alimpigia Vasant dukani, naye akasema anakuja, anakimbia, lakini kutoka dukani hadi hapo, saa saba mchana, kwa miguu yake ya miaka sabini, ni lini? Walipiga mlango kwa ngumi. Jirani hakusikia. Ilikuwa saa saba kamili, saa ambayo bibi zetu huwaita watoto ndani kama wanavyowaita magharibi, na ghorofa nzima ilikuwa kama watu wote wamezibwa masikio.

"Nyuzi thelathini na nne."

Darini kitu kikajigeuza. Kilijigeuza kwa uzito, kama mtu anayelala anapotafuta upande mzuri, na vumbi la plasta likadondoka koridoni.

Celina akachukua kalamu, akaweka karatasi sakafuni, akalikata lile neno mistari mitatu, akaiambia spika, "Futa. Futa jina la kanda ya tano."

"Kanda haiwezi kukosa jina."

"Iite Stoo!" Akaandika Stoo.

"Jina hilo halina mtu."

"Korido! Iite Korido!"

"Jina hilo halina mtu. Mtoto. Nyuzi thelathini na tano."

Komal alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango, anamwita mwanawe kwa maneno yote matamu ya lugha yao isipokuwa jina, kwa kuwa jina hakuwa nalo. Lalita akapiga magoti mbele ya Celina. Alikuwa na unga hadi viwikoni na macho makavu. "Niandike mimi," akasema. "Andika Lalita. Mimi nimeshaishi."

Na hapa, msikilizaji, mtu angeweza kuandika tu, nani angemlaumu, bibi mwenyewe ameomba kwa mdomo wake, na Celina aliishusha kalamu kweli, akaandika herufi ya kwanza, halafu akamtazama yule mama aliyemfungulia mlango asubuhi na kumwambia jua litakuua, akamtazama Komal anayemtazama mama yake, akasikia kule juu kufyonza kukiongeza kasi, kufyonza bila kupumzika sasa, na harufu ya udi uliolowa ikashuka kwenye kila mdomo wa hewa, akamkumbuka mama yake mzazi kule Kibosho anayemwombea kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, akasema moyoni, nisamehe mama, ila mkono ulioandika ni huu hapa, si wa mtu mwingine, na akaikata ile herufi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akalitamka kwa sauti.

"Celina," spika ikasema. Ilisita kidogo, kama mtu anayeonja mboga. "Jina limehifadhiwa."

Mtoto akalia.

Jamani, kilio kile! Komal akamfunika na mwili wake wote, akicheka na kulia kwa pamoja. Damu ilirudi kwenye ile midomo midogo huku wanaitazama. Kitasa kikasema klik, mlango ukafunguka wenyewe, na Mzee Vasant alikuwa amesimama nje anahema, fulana imemganda mgongoni, anauliza kuna nini, kuna nini.

Celina alibaki sakafuni. Vidole vitatu vilivyoshika kalamu vilikuwa vimekufa ganzi. Baridi ilikuwa inapanda kiganjani, polepole, haina papara hata kidogo.

Walichomoa spika, wakaifunga kwenye taulo. Kontrola Celina aliing'oa ukutani kwa mikono yake. Lalita alivua mtandio wake mwenyewe na kumfunika nao mabegani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jikaze mpaka jioni. Shangazi mtu akishampa mtoto jina, jini halitakuwa na cha kumdai. Nitawaita watu wazima wanaojua mambo haya, na hiyo karatasi tutajua la kuifanya. Kaa hapa, mwanangu."

"Hapana, mama. Nikikaa hapa litakaa hapa. Acha niondoke nalo."

Aliamini hivyo. Ndiyo maana aliondoka.

Huko Kariakoo watu walikuwa wanajipepea kwa maboksi. Celina alipita katikati yao anatetemeka, meno yanagongana, jua linampiga utosini bila kumfikia. Kwenye meza ya mitumba akachagua sweta zito kuliko yote.

"Dada, safari ya baridi ya Makete nini?" muuzaji akamtania, na wenzake wakaangua kicheko. Ila alipompa mfuko na vidole vyao kugusana, aliuvuta mkono wake kama aliyeungua, na hakusema neno tena.

Magomeni, kwenye chumba chake cha kupanga, alizima pangaboi, akavaa sweta, akajifunika blanketi mbili. Alijaribu kusali rozari, punje zikawa zinamponyoka. Kila mara alitazama simu, ingawa kontrola ilikuwa kwenye mfuko wake wa vifaa, imekatwa waya, imelala. Celina, nyuzi thelathini na tatu. Celina, nyuzi thelathini na tano. Kila namba ilipopanda kule, yeye huku alizidi kuona baridi. Alijiambia si kitu, ilimradi iwe yeye. Jioni haikuwa mbali. Shangazi angefika, angetoa jina, mtoto angepona moja kwa moja.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. Lalita. Alikuwa ananong'ona.

"Celina, mbona umerudi bila kuniambia?"

"Nimerudi wapi, mama?"

"Hapa. Nakusikia."

"Mama, niko Magomeni. Niko kitandani."

Lalita akazidi kushusha sauti.

"Basi huyu ni nani aliye juu ya korido? Anapiga hodi. Sauti ni yako, mwanangu. Anasema amesahau bisibisi yake."

Celina akanyoosha mkono hadi kwenye mfuko wa vifaa, akapapasa. Bisibisi haikuwemo. Aliiacha pale mlangoni, kwenye kitasa. Akatazama namba kwenye simu. Celina, nyuzi thelathini na saba, joto la mtu mzima.

"Mama, msiitikie. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu, asiitikie mtu, likikaribishwa litashuka kwa mtoto. Shangazi amefika?"

"Bado. Wako Msimbazi, foleni haisogei."

"Mtoto hajapewa jina?"

"Bado, Celina."

"Komal yuko wapi?"

"Amelala. Amechoka, nimemwacha alale na mtoto."

"Mwamshe! Mama, kimbia, mzibe mdomo, mwambie..."

Alisikia ndala za Lalita zikikimbia sakafuni. Halafu, ndani ya simu, mbali kidogo, akaisikia sauti yake mwenyewe, changamfu, yenye tabasamu, sauti ile ile aliyoingia nayo asubuhi:

"Hodi humu ndani!"

Na kutoka chumbani, kwa mdomo mzito wa usingizi, upesi kama kawaida yake:

"Karibu, fundi! Pita tu!"